Utakufa Winga

"Utakufa winga," tajiri wangu aliniambia siku niliyomuaga Kariakoo. "Nenda Marekani, nenda mwezini, utakufa winga."

Alisema hivyo mlangoni pa duka lake la mashuka na mapazia, mbele ya mtaa mzima, huku akinikabidhi begi la magurudumu alilokubali kuniazima kwa ajili ya safari. Kisha akawageukia wenzangu. "Mnaliona begi hili? Liageni. Tutaonana nalo Kiyama." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akaapa kwamba nitarudishwa uwanja wa ndege kwa kujaribu kumuuzia afisa wa uhamiaji shuka la sita kwa sita.

Asiyeijua Kariakoo nimweleze. Winga wa pale hachezi mpira. Ni mtu asiye na duka, anayesimama pembeni ya barabara, akamnasa mteja katikati ya umati, akampeleka kwenye duka la mtu mwingine, na juu ya bei akaweka cha juu chake. Anaitwa winga kwa sababu anashambulia kutoka pembeni. Nimeifanya kazi hiyo miaka sita, na sioni haya kusema kwamba kuanzia Msimbazi mpaka Mtaa wa Kongo hakuwepo aliyenifikia.

Leo naandika nikiwa Morogoro. Nyuma yangu ukutani ipo diploma yangu ya ukocha. Nimeitia fremu na kioo, na mgeni akiingia namkalisha mahali ambapo lazima aione. Nje ya dirisha kuna uwanja wa nyasi ambao ni wangu, si wa serikali wala wa mfadhili. Watu hupenda niwasimulie Texas kama mtu aliyeshinda, nami huwasimulia hivyo, maana nilishinda. Huwa siwaambii kwamba kule niliishi na hofu. Niliamka nayo, nikaendesha nayo gari, nikapuliza nayo filimbi. Na hofu yenyewe ilitokana na neno moja tu, hilihili la winga.

Nilifika Dallas kwa bahati nasibu ya grini kadi, nikapokewa na dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ni muuguzi na anakaa Cedar Hill na mumewe. Shemeji huyo ni Mkenya wa Nakuru, mtu mkarimu mwenye sauti kubwa, na kazi yake ni kunyoosha viungo vya watu kwenye kliniki moja. Kabla sijafika alimuuliza mkewe nilikuwa nafanya kazi gani huko Dar. Dada alikuwa anakimbilia zamu. Akamjibu akiwa anafunga kamba za viatu: "Alikuwa winga Kariakoo."

Mtanzania yeyote angeelewa. Lakini Mkenya yule Kariakoo alikuwa ameisikia kwa watangazaji wa mpira tu, wanapozitaja timu kubwa za Dar kwa jina la mtaa wao. Akaona heshima imeingia nyumbani kwake. Mimi hakuniuliza kitu. Alianza kuwatangazia watu.

Nilikuja kujua Jumamosi moja ya nyama choma, uani kwao. Kati ya wageni alikuwepo Mholanzi mmoja mfupi, mwenye miguu ya upinde na mvi alizozifunga kisogoni, anakula ugali kwa mkono bila kumwaga. Alikuwa mgonjwa wa shemeji, anatibiwa goti. Zamani alikuwa winga wa kushoto kwao Uholanzi, winga wa mpira, na sasa alikuwa ametundika daluga na kufungua shule ya soka ya watoto, tawi moja karibu na Cedar Hill na jingine Katy, magharibi ya Houston.

Shemeji alinishika bega, akamwambia kwa Kiingereza, "Coach, huyu ndiye niliyekuambia. Winga wa Kariakoo, miaka sita! Na ni mtu mnyenyekevu sana, hawezi kujisifu."

Mholanzi akafuta vidole. Chini ya meza kulikuwa na mpira wa watoto. Akauvuta kwa unyayo, akaunyanyua, akanipigia. Ulinijia kifuani, nami nikaudaka kwa mikono miwili na kuupachika kwapani, kama nilivyozoea kudaka robota la mashuka likitupwa kutoka ghorofani.

 Aliyekuwa anapepea mkaa aliacha. Ndipo shemeji akapasua kicheko: "Mmeona? Ni mtu wa mzaha huyu!" Watu wakacheka naye. Mholanzi peke yake hakucheka. Aliitazama mikono yangu, kisha uso wangu.

"Kushoto au kulia?" akauliza.

"Kushoto," nikasema. Na ni kweli. Ukitokea Msimbazi, kituo changu kilikuwa upande wa kushoto.

"Nahitaji msaidizi. Njoo Jumatatu."

Nilifungua mdomo niseme ukweli.  Lakini kwetu shemeji haumbuliwi mbele ya wageni wake, tena uani kwake, tena nyama yake ikiwa bado mkononi mwako. Nikasema asante. Wageni walipoondoka nikamfuata dada jikoni.

"Dada, mwambie mumeo."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba sijawahi kucheza hata mpira wa makaratasi!"

Akaendelea kusugua sufuria. "Ameshampigia baba yake Nakuru. Amempigia na mchungaji. Mimi simwaibishi mume wangu kwa sababu ya mpira. Jifunze."

"Nina miaka thelathini na nne."

"Basi jifunze haraka."

Shemeji aliniazima traksuti yake nzuri ya bluu. Njumu niliazima kwa Mkongo mmoja wa Uvira, mwenzangu kwenye ghala la mizigo nilipokuwa nimeanzia kazi. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na zamani, kwenye kambi ya wakimbizi, aliwahi kuwa kipa. Ukimtoa dada, ni yeye tu aliyeijua siri yangu. Jumapili baada ya ibada nilipanda treni mpaka kwake Vickery Meadow, na nyuma ya fleti zao, penye kipande cha nyasi kilichokaushwa na jua, alisimama kati ya mapipa mawili ya taka akaniambia nipige. Njumu zake zilikuwa kubwa, nilizijaza soksi. Mpira wa kwanza ulikwenda kwenye dirisha la mama mmoja wa Kiburma. Wa pili sikuugusa.

"Weye unapiga mupira sawa mutu anafukuza kuku," Mkongo akasema.

"Sasa nifanye nini?"

"Sala." Alicheka mpaka akakaa juu ya pipa. "Unaogopa nini, kaka? Bale ni batoto tu."

"Siwaogopi watoto. Namwogopa mzee."

"Mzee anajua?"

"Sijui kama anajua."

Akaacha kucheka. "Ah. Ile ni mubaya kabisa."

Na kweli ilikuwa mbaya. Mtu anayejua amekukamata, unaweza kumpigia magoti. Mtu usiyejua kama anajua huna la kumfanyia.  Akinitazama kwa muda, nilihisi jasho likitembea mgongoni ndani ya traksuti ya shemeji. Uwanjani nilikuwa nashika koni, chupa za maji, filimbi. Mpira ukibingirika kuelekea kwangu nilipuliza filimbi kabla haujafika, nikatafuta kosa la mtu. Watoto waliniomba kwa Kiingereza chao niwaonyeshe chenga moja tu ya Afrika. Nikashika paja, nikasema paja.

Hata hivyo sikuwa mzigo, na hili nalisema kwa kifua mbele. Sauti yangu ilijengwa kwenye mtaa ambako unashindana na spika za maduka yote. Nikiita, watoto wanakuja. Alilosema Mholanzi mara moja kwa sauti yake ndogo, mimi nililirudia mara tatu kwa sauti yangu, na likaingia. Wazazi waliokuja wamekunja uso, kwamba mtoto wao hapangwi, nilitembea nao kidogo kuelekea kwenye gari lao, nikiuliza habari za kazi, nikimsifia mtoto kwa kitu ambacho kweli anacho. Waliondoka wanatabasamu. Wengine walirudi na watoto wa majirani. Mholanzi alikuwa anaona yote hayo kutoka kwenye kiti chake cha kukunja, mguu mbovu ameunyoosha mbele.

Kila Jumamosi tulikwenda Katy, na kwa kuwa goti lake halikuvumilia safari ndefu, mimi niliendesha. Barabara ile kutoka Dallas hadi Houston nimeilaani kuliko mahali popote duniani. Maroli yanakupita pande zote mbili, marefu kama nyumba zimeng'olewa, na upepo wake unaisukuma van kama mkono wa mtu. Nilishika usukani hadi vidole vikafa ganzi. Lakini maroli yalikuwa hofu ndogo. Hofu kubwa ilikaa kiti cha pembeni, na ilikuwa na muda wa kuuliza maswali kuanzia Corsicana mpaka Huntsville.

"Uwanja wa Kariakoo ni wa nyasi?" aliniuliza safari ya kwanza.

"Lami," nikasema.

"Lami! Na mashabiki?"

"Wengi mno. Hakuna pa kuweka mguu."

"Mnacheza hata mvua ikinyesha?"

"Hasa ikinyesha." Mvua ikinyesha watu huingia madukani.

"Na kocha?"

Nikamkumbuka tajiri wangu. "Mkali. Hasemi, anatukana tu."

Akatikisa kichwa polepole, akatazama nje. Sikusema uongo hata mmoja. Lakini nilipofika kituo cha mafuta niliingia chooni nikainamia sinki mpaka moyo ukatulia.

Nikagundua njia ya kujiokoa, ileile ya kwa mteja mwenye maswali mengi: muulize habari zake. Nilimuuliza alianzaje mpira. Baada ya hapo, Jumamosi baada ya Jumamosi, nilipata maisha yake yote kwa vipande, na sidhani kama kuna mtu mwingine aliyeyapata hivyo.

Alikulia kwenye kijiji cha mabanda ya vioo, ambako baba yake alilima nyanya. Pa kuchezea palikuwa mahali pamoja tu, kichochoro kati ya mabanda mawili. Ukikosea, umevunja kioo cha baba, na baba hakuwa mtu wa kuombwa msamaha. Kwa hiyo alijifunza kukimbia na mpira ukutani kabisa bila kuugusa ukuta. Timu kubwa ilipomchukua akiwa bado na chunusi, makocha walishangaa kijana huyu anayetembea juu ya chokaa ya pembeni kama kwenye kamba na mpira hautoki. Walisema ni kipaji. "Kilikuwa woga," aliniambia. "Niliona vioo."

Kila mechi, kabla ya kuingia, alitapika. Mechi zote, maisha yake yote ya soka. Beki wa kwanza aliyemkaba alimnong'oneza kwamba leo atamvunja, na tangu siku hiyo hakuwahi kumwangalia beki usoni. Magazeti ya kwao yaliandika kwamba ni jasiri kwa sababu hasimami. "Kwa nini nisimame?" akasema. "Walikuwa wananifukuza."

Taifa lake lilimwita mara moja. Akaingizwa mwishoni kabisa, mpira ukamfikia mara mbili, na mara moja kati ya hizo ulikuwa wa kurusha. Alikwenda Ujerumani, akacheza vizuri, akapendwa. Kisha ikaja fainali moja, nayo aliisimulia tukiwa tumekwama kwenye foleni karibu na Houston, magari yamesimama hadi upeo wa macho. Mpira ulimfikia kushoto. Mbele yake palikuwa wazi mpaka golini, hapakuwa na mtu. Akaogopa. Akaurudisha nyuma.

"Ukaenda wapi?" nikauliza.

"Nyuma. Kwa beki wetu. Tukafungwa baadaye. Hakuna aliyenilaumu, hakuna hata aliyekumbuka. Mimi nauona mpaka leo." Msimu uliofuata goti lilikatika. Alimalizia Texas, kwenye timu ya mpira wa ndani ya ukumbi, akikimbia tena pembeni ya ukuta kama kati ya mabanda ya baba yake.

Ningepaswa kufarijika kwa kusikia kwamba hata winga wa kweli huogopa. Sikufarijika. Nilizidi kuogopa, kwa sababu nilianza kumpenda yule mzee, na sasa nilikuwa na kitu cha kupoteza.

Ndipo akaleta habari ya mechi. Tawi la Katy lilitaka kumfanyia sherehe, na wachezaji wenzake wa zamani wa ile timu ya ukumbini walikuwa wanakuja kutoka miji mbalimbali. Goti lake halikuweza. "Upande wangu wa kushoto utacheza wewe," akasema. "Winga kwa winga." Kisha akaongeza kwamba baada ya mechi ataniombea nafasi kwenye masomo ya diploma ya ukocha, maana bila kocha wa kukusemea huingii.

Shemeji aliposikia, alikodi basi dogo. Wakenya, Watanzania, mchungaji, wote. Wiki ile sikula. Nilitamani niteleze ngazini nivunjike. Asubuhi ya safari nilimwambia dada kwamba paja limekaza. Akaniketisha, akanibonyeza kila mahali kwa vidole vyake vya hospitali.

"Paja zima," akasema. "Kaingie kwenye gari."

Katy siku hiyo jua lilikuwa linachoma hata kivuli. Uwanja ulikuwa wa nyasi bandia, joto lake linapanda kupitia soli za njumu za Mkongo na soksi zangu zote. Nilivalishwa jezi namba kumi na moja. Kwenye jukwaa niliwaona watu wetu wametandika khanga, na shemeji amesimama akiwaelekeza wageni kwa kidole: yule, yule pale. Beki aliyepangwa kunikaba alikuwa na kipara na mapaja kama magunia. Nilikwenda chooni nikatapika. Nilipotoka, Mholanzi alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Akanipa.

Kipindi cha kwanza nilijificha. Winga anapo mahali pa kujificha, chokaa ya pembeni, nami niliikanyaga kama mtu anayesubiri basi. Mpira ukija upande wetu nilikimbilia mahali ambapo haupo. Nilikuwa nasikia sauti ya shemeji, "Mpeni Kariakoo! Mpeni Kariakoo!" na kila alipoita nilikufa kidogo. Hawakunipa. Wakati wa mapumziko nikaanza kuamini kwamba huenda nitavuka.

Mholanzi akanivuta kando, nyuma ya ndoo ya barafu.

"Kariakoo ni nini?" akauliza.

 Nikamtafuta shemeji kwa macho. Alikuwa mbali, anagawa mandazi.

"Ni soko," nikasema.

"Nilidhani hivyo. Winga hadaki mpira kwa mikono, hata kwa mzaha. Nilijua siku ileile."

"Mbona hukunifukuza?"

"Nilikuwa na hamu ya kuona utajibu nini. Lami! Hasa ikinyesha!" Akakohoa kicheko. "Halafu nikaona unavyotembea na wazazi. Nikasema huyu amefanya kazi mahali. Sasa niambie, winga wa huko anafanya nini?"

Nikamweleza, haraka, kwa sauti ya chini. Pembeni. Umati. Mteja si wako, duka si lako, unampeleka mlangoni kwa mtu, yeye ndiye anayeuza. Alinisikiliza mdomo wazi, kisha akaanza kucheka hadi akalishika goti kwa maumivu.

"Mbona hiyo ni kazi yangu! Maisha yangu yote nimesimama pembeni nikiwapelekea wenzangu magoli mlangoni. Na nyinyi mnapata kitu?"

"Tunaweka cha juu."

"Sisi hatukuweka." Akajifuta macho. "Haya, rudi ndani."

"Sitoki?"

"Shemeji yako anatazama," akasema.

Nilirudi nikiogopa zaidi ya mwanzo, maana sasa alikuwa anajua na anangoja. Yule mwenye kipara alikuja akasimama karibu yangu, anapumua. Sikujua kupiga chenga. Sikujua kitu chochote kati ya vile nilivyokuwa nikiwafokea watoto. Nilijua jambo moja tu, ambalo kila winga wa Kariakoo analijua: mteja mkaidi ukimvuta mkono anakimbia. Unatakiwa umwanzishie maneno, utangulie kama mtu anayejua aendako, na usigeuke nyuma. Atakufuata.

"Ndugu," nikamwambia kwa Kiingereza, "viatu vizuri hivyo. Umevipata wapi?"

"Nini?"

"Hivyo. Soli yake si ya kawaida. Mimi najua viatu." Nikaanza kutembea kuelekea katikati ya uwanja, nikiendelea kuongea, kisha nikaanza kukimbia.

Alikuja. Wallahi alikuja. Sijui kama alinifuata kwa sababu ya kazi yake au kwa sababu ya hasira, lakini alitoka pembeni pale kama mama aliyeahidiwa pazia kwa bei ya jumla, na upande wetu wa kushoto ukabaki mtupu. Beki wetu akaupitia huo mlango, akapiga krosi, tukafunga. Mimi sikuugusa mpira. Goli lile ni langu, na atakayebisha aje Morogoro tubishane.

Karibu na mwisho ndipo jambo nililoliogopa likaja lenyewe. Mpira ulitoka katikati ukabingirika polepole kwangu, na yule beki alikuwa amechoka kunifuata, ameachwa nyuma. Mbele palikuwa wazi. Hapakuwa na mtu mpaka kwa kipa. Filimbi sikuwa nayo. Nyuma yangu beki wetu aliita, nipe, nipe, na mguu wangu ulitaka sana kumpa. Nilitupa jicho kwenye benchi. Mholanzi alikuwa amesimama wima, bila kujiegemeza popote, juu ya lile goti.

Nikaupiga mbele. Niliupiga kwa ugoko, nikaukimbilia, nikaupiga tena ukanizidi mbio, kipa akatoka akauokota kama mtu anayeokota chungwa. Nikajikwaa kwenye njumu zangu za kuazima nikaanguka kifudifudi. Jukwaa lote lilisimama. "Hiyo ndiyo Kariakoo!" shemeji alinguruma. Nilipoinua kichwa, Mholanzi alikuwa ameketi tena, amefunika uso kwa taulo, mabega yanatikisika. Sikuweza kujua kama ni kicheko.

Alinisemea kwenye diploma. Kabla hajanisemea aliniuliza, "Nikiwaambia ulifanya kazi winga ya kushoto Kariakoo miaka sita, nitakuwa mkweli?" Nikasema atakuwa mkweli. Nilisoma nikifanya kazi, nikifeli na kurudia, na watu wachache sana kutoka mtaa wangu wamewahi kushika karatasi kama ile. Kupiga mpira nilijifunza pia, kiasi cha kumwonyesha mtoto.

Nilipoamua kurudi nyumbani, nilianza kurudisha vya watu. Kwetu kukopa ni fedha na kuazima ni kitu, na kitu kina aibu zaidi, kwa sababu mwenyewe anakikumbuka kwa rangi. Njumu nilizipeleka Vickery Meadow zimeoshwa, kamba mpya. Mkongo akazigeuzageuza. "Bilikuwa biatu bya kipa," akasema, "sasa ni bya winga. Nitabivaa namna gani?" Traksuti niliirudisha imepigwa pasi. Jezi namba kumi na moja nilimpelekea Mholanzi, akakataa kwa kichwa, nikamtundikia msumarini ofisini kwake na kuondoka kabla hajainuka. Uwanja wa ndege shemeji alinikumbatia, machozi yanamlenga. "Ukifika," akasema, "usalimie timu yote ya Kariakoo." Dada alitazama pembeni. Nikamwahidi kwamba nitaisalimia.

Likabaki begi. Gurudumu moja lilikuwa limevunjika Dallas, nikalibadilisha. Siku niliyolivuta kutoka Msimbazi kuelekea lile duka niliogopa kama nilivyoogopa Katy, kwa sababu pale walikuwepo vijana wapya wasionijua na mmoja alinishika mkono, mjomba, mashuka, mapazia, karibu ndani. Nikamwacha anipeleke. Alinifikisha mlangoni hasa.

Tajiri alikuwa amezeeka. Alilitazama begi kabla ya kunitazama mimi, akainama, akajaribu gurudumu jipya kwa kidole.

"Kwa hiyo Kiyama imefika," akasema.

"Imefika, mzee."

"Na huko kwa Wamarekani ulikuwa unafanya kazi gani?"

Diploma ilikuwa ndani ya bahasha, kwapani. Nilikuwa nimeipanga sentensi yake tangu ndani ya ndege.

"Winga," nikamwambia.

Alipiga makofi, akawaita vijana wote wa mtaa waje wasikie. "Si niliwaambia? Si niliwaambia nyie?" Nami nikamkabidhi mpini wa begi lake, nikamgeukia kijana aliyenileta, nikamuuliza tajiri kama cha juu chake ameshampa.